Kubadilisha Bushi za Sasipensheni za Gari-Nyumba kwa Mikono Yako: Mwongozo Kamili

Bushi, yaani viungo vya mpira na chuma vinavyoshikilia sasipensheni kwenye fremu, nilizobadilisha mwenyewe mara ya kwanza kwenye gari-nyumba hazikumaliza hata mwaka. Zilikuwa mpya na za ubora mzuri, zilikaa mahali pake bila mkwaruzo, na boliti nilizikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kama kitabu kilivyoelekeza. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilikaza gari likiwa bado limeinuliwa, magurudumu yananing'inia. Nilipolishusha, uzito wote ukazisokota bushi, zikabaki zimesokotwa mchana na usiku, gari likitembea na likiegeshwa, mpaka mpira ukachanika.

Naanza na kosa hilo kwa sababu limebeba kazi yote. Kung'oa bushi kunataka jasho na kuingiza mpya kunataka subira, ila kinachoamua kama utalala chini ya gari salama, na kama bushi zitadumu, ni uzito. Lazima ujue umekaa wapi unapoinua na umekaa wapi unapokaza.

## Kwa nini bushi za gari-nyumba huchoka

Ukiikata bushi ya kawaida katikati utaona vitu vitatu: ganda la chuma kwa nje, mrija mnene wa chuma kwa ndani, na mpira kati yao ulioshikanishwa na vyuma hivyo kiwandani. Boliti hupita ndani ya mrija na kuubana kwenye fremu hadi usiweze kuzunguka hata kidogo. Mkono wa sasipensheni, chuma kinachounganisha gurudumu na fremu, ukipanda na kushuka, kinachojisokota ni mpira. Hakuna kinachoteleza wala kusuguana, ndiyo maana bushi ya mpira haitiwi grisi.

Gari la mizigo hupakuliwa jioni likapumzika. Gari-nyumba halipakuliwi kamwe: makabati, vitanda, jiko, betri, matangi na mitungi ya gesi viko juu yake usiku na mchana. Lita 100 za maji pekee ni kilo 100. Katika nchi za Ulaya ambako leseni ya kawaida ya daraja B huishia kilo 3,500, magari-nyumba mengi husajiliwa palepale kwenye ukomo huo, yaani huishi karibu na uzito wa juu unaoruhusiwa. Kisha huegeshwa miezi kadhaa mahali pamoja, mpira umebanwa upande uleule, unakauka na kuzeeka. Kwa hiyo usishangae gari lenye kilomita chache kuwa na bushi zilizokwisha. Umri huziua bushi pengine zaidi ya safari.

## Dalili, na zile zinazodanganya

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni sauti: mlio mfupi wa "dug" chini ya miguu yako unapopita kwenye tuta dogo kwa mwendo wa polepole, au mara moja tu unapokanyaga breki baada ya kurudi rivasi. Ya pili ni usukani kukosa uamuzi. Gari linayumba lori linapolipita, unalirekebisha, linazidisha, unalirekebisha tena. Ya tatu ni kuvuta upande mmoja wakati wa kufunga breki, kwa sababu bushi iliyolegea huruhusu gurudumu kurudi nyuma na kubadilisha mwelekeo wake. Ya nne iko kwenye tairi: ukingo wa ndani au wa nje umelika huku katikati bado kuna meno.

Lakini usinunue kitu bado. Bolijointi (kiungo chenye kichwa cha duara kati ya mkono na gurudumu) iliyochoka hutoa sauti ileile. Viungo vya stabilaiza, fito inayozuia gari kuinama kwenye kona, navyo hugonga, tena kwa kelele zaidi. Kiti cha juu cha shokapu hukoroma unapokata usukani gari likiwa limesimama. Hata tairi kuukuu au zenye upepo mdogo hulifanya gari liyumbe kiasi cha kukuaminisha kuwa sasipensheni imekufa. Pima upepo kwanza. Ni kazi ya dakika tano, na imewaokoa watu wengi na gharama ya bure.

Ukaguzi wenyewe nimeupanga kwa hatua mbili. Kwanza, gari likiwa juu ya magurudumu yake, mpe mtu usukani. Mwambie akanyage breki nusu, aweke gia ya kwanza, alisukume gari mbele kidogo, kisha rivasi, kisha tena. Wewe usilale karibu na gurudumu. Weka simu chini ikirekodi, imeelekezwa kwenye mkono wa chini, kisha simama pembeni. Kwenye video utaona mkono ukisogea mbele na nyuma ndani ya bushi kwa kiasi ambacho jicho halingekiona kwa haraka. Hatua ya pili ni mtaimbo: gari likiwa limeegemezwa vizuri kwenye stendi, ingiza mtaimbo kati ya mkono na fremu, sukuma kwa nguvu ya wastani. Mpira mzima hukubali kidogo kisha hukataa. Mpira uliokwisha hukubali tu, mara nyingine chuma kinagonga chuma.

Nyufa ndogo juu ya mpira zisikutishe, ni makunyanzi ya uzee. Kinachohukumu ni mpira ulioachana na chuma chake, mrija wa ndani ambao hauko tena katikati, au doa la majimaji meusi karibu na bushi. Doa hilo ni la bushi zenye kimiminika ndani yake; zikivuja zimekwisha, hazijazwi tena.

## Jua gari lako limejengwa juu ya nini

Neno "gari-nyumba" linaeleza kilicho juu. Kazi yako iko chini, na chini kuna familia kadhaa.

Kubwa zaidi Ulaya ni Fiat Ducato na ndugu zake Peugeot Boxer na Citroën Jumper, yote ya ukoo mmoja ulioanza 1981. Mbele yana shokapu na koili springi kwenye nguzo moja, pamoja na mkono wa chini wenye bushi mbili na bolijointi. Nyuma, kama chasisi ni ya Fiat yenyewe, utakuta ekseli nzima juu ya springi za mabamba. Lakini mengi yamekatwa nyuma ya kibanda cha dereva na kuungwa chasisi ya AL-KO iliyopakwa zinki. Hapo nyuma hakuna springi za mabamba wala bushi za kubadilisha nyumbani, kuna ekseli ya msokoto, ambayo springi yake ni fito inayojisokota ndani ya bomba. Baadhi zina vichuchu vya grisi, na kuvisahau vichuchu hivyo ndiko kunakoiua ekseli. Chasisi hiyo usiitoboe wala kuichomelea, na usiinue gari kwa kuweka jeki katikati ya bomba la ekseli.

Mercedes-Benz Sprinter ana mtego upande wa mbele: springi moja ya mabamba ya nyuzi za kioo iliyokaa kwa upana kati ya mikono miwili ya chini. Ukiufungua mkono bila kuizuia springi hiyo kwa namna kitabu cha ufundi kinavyosema, itakurukia. Kama huna kitabu, usifungue.

Magari mengi ya Marekani yaliyojengwa juu ya Ford E-Series yana mihimili miwili ya mbele iliyopishana, mfumo ambao Ford iliuanza mwaka 1965. Bushi za mikono yake ya kuzuia, ile inayozuia mihimili isisogee mbele na nyuma, ni vipande viwili vya mpira vinavyobanwa na nati kubwa mwishoni mwa mkono, hazihitaji presi kabisa. Yale makubwa ya Ford F53 yana springi za mabamba mbele na nyuma, kwa hiyo sehemu ya mwongozo huu inayohusu nyuma itakuhusu mara mbili.

## Ununue nini

Bushi za mpira za aina ya kiwandani ni tulivu, hunyonya mtetemo, na hazidai kitu. Za poliyurithani ni ngumu zaidi, hudumu, hazichukii mafuta, na nyingi huingia kwa mkono bila presi kwa sababu zimegawanyika. Lakini zenyewe huzunguka juu ya mrija wa ndani, kwa hiyo lazima zipakwe grisi iliyokuja nazo, na zikikauka hulia kama mlango wa ghala. Zaidi ya hapo, ugumu wake huingia ndani ya nyumba: vyombo vitalia kabatini. Maoni yangu ni haya: mpira kwenye mikono ya mbele, poliyurithani kwenye stabilaiza, na kwenye springi za nyuma chagua kulingana na uzito wa gari lako.

Kabla ya kuagiza bushi peke yake, tazama bolijointi. Kama ina umri uleule wa bushi, nunua mkono mzima ambao bushi na bolijointi vimo tayari. Utaruka nusu ya jasho la mwongozo huu, na bado utakuwa umefanya kazi mwenyewe. Sioni aibu yoyote hapo. Kusukuma bushi mpya kwenye mkono wenye kutu iliyokula chuma ndiko kupoteza muda.

Agiza pia boliti na nati mpya. Nyingi za sasipensheni hukazwa kwa toki kisha huzungushwa zaidi kwa pembe ya nyuzi kadhaa, na zikishavutika hivyo hazirudiwi. Badilisha kushoto na kulia pamoja. Gari lenye bushi mpya upande mmoja litavuta, na utarudi kutafuta ugonjwa ambao umeuunda mwenyewe.

## Vifaa

Utahitaji jeki ya magurudumu yenye uwezo wa tani 3 au zaidi, stendi mbili hadi nne zenye uwezo unaopita uzito wa ekseli yako kwa mbali, kabari nzito, soketi, mpini mrefu wa kulegezea, spana ya toki, mtaimbo, nyundo ya kilo moja na nusu, kifaa cha kutenganisha bolijointi, msumeno wa chuma, brashi ya waya, msasa, rangi au chaki ya kuwekea alama, na mafuta ya kulegeza kutu. Kwa bushi zenyewe, ama presi ya tani 10 au 12, ama fito nene ya chuma yenye hesi (mikato ya skrubu) pamoja na vikombe na vipande vya bomba vya vipenyo mbalimbali. Jiliwa imara husaidia kushika mkono wakati wa kukata, lakini usiifanye presi. Nimeshuhudia moja ikipasuka taya.

Mafuta ya kulegeza kutu yapulize siku mbili kabla, asubuhi na jioni, kwenye kila boliti utakayoigusa. Yanahitaji muda wa kupenya kuliko yanavyohitaji wingi.

## Pima kwanza, kisha inua

Egesha mahali tambarare penye sakafu ngumu. Lami laini ya mchana wa jua haifai, stendi huzama. Gari liwe na mzigo wake wa kawaida wa safari, kisha pima kwa futi kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi, wima, kwa kila gurudumu. Andika namba hizo nne kwenye karatasi na uibandike mahali usipoweza kuipoteza. Hicho ndicho kimo ambacho gari hukaa siku zote, na bila namba hizo hutaweza kukaza kwa usahihi baadaye.

Baada ya kupima, punguza uzito: mwaga maji yote, safi na machafu, ondoa vitu vizito, funga mitungi ya gesi na uzime friji. Kama kuna mifuko ya hewa inayojisawazisha yenyewe, izime kabla ya jeki kugusa gari, kwani inaweza kuamka katikati ya kazi ikabadilisha kimo wewe ukiwa chini. Miguu ya haidroliki ya kusawazishia gari kambini isitumike kushikilia uzito. Paipu ikipasuka, mguu hurudi ndani bila kukuuliza.

Ukiinua mbele, breki ya mkono itakusaidia, kwani kwa kawaida hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, breki hiyo imekwenda hewani pamoja na magurudumu yake. Kama injini inazungusha magurudumu ya mbele, weka gia, na kwa vyovyote vile zibane tairi za mbele kwa kabari pande zote mbili. Legeza nati za magurudumu kabla ya kuinua. Jeki ikae kwenye sehemu za chasisi zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, kamwe si kwenye sakafu ya nyumba wala sketi za pembeni. Hizo ni mbao, plastiki na bati jembamba. Inua kidogo, weka stendi chini ya chasisi, shusha uzito juu yake, kisha tikisa gari kwa nguvu kutoka pembeni. Likitikisika kwa namna usiyoipenda, shusha uanze upya. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya chasisi liwe kinga ya mwisho.

Nyumba ni ndefu kwenda juu na nyuma, kwa hiyo upepo mkali hulisukuma gari lililoinuliwa kuliko unavyodhani. Siku ya upepo, ahirisha.

## Kutoa mkono wa chini

Fanya upande mmoja mpaka uishe, ndipo uende wa pili. Upande ambao haujafunguliwa ni picha yako ya kurejea unaposahau kitu kilikaaje.

Kabla ya kulegeza chochote, piga chapa kwa rangi: boliti ilikaa wapi kwenye tundu lake, mkono ulielekea wapi. Baadhi ya matundu ni marefu kwa ajili ya alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, na alama hiyo itakufikisha nyumbani bila kula tairi. Tenganisha kiungo cha stabilaiza. Kama gari lina waya wa ABS au wa kihisi cha kimo ulioshikwa kwenye mkono, ufungue klipu zake na uuweke kando. Toa bolijointi kwa kifaa chake. Kuipiga nyundo huharibu hesi na mpira wake.

Boliti za bushi ndizo hukataa. Mrija wa ndani na boliti huungana kwa kutu vikawa kitu kimoja, na unapozungusha boliti unausokota mpira badala ya kufungua. Utaitambua hali hiyo: spana inakwenda robo mzunguko kisha inarudi kama springi. Usiongeze nguvu tu. Rudisha mbele, nyuma, mbele, nyuma, huku ukipuliza mafuta. Ikishindikana, kata boliti kwa msumeno kati ya bushi na fremu, pande zote mbili. Bushi inatupwa hata hivyo, na boliti mpya unayo. Kinachotisha ni nati iliyochomelewa ndani ya fremu kuvunjika ikaanza kuzunguka bure. Hapo utahitaji dirisha dogo la kuifikia na mtu wa kuchomelea, na ni bora kulijua hilo kabla ya kuivunja.

## Kung'oa bushi kuukuu

Kwanza chora. Bushi nyingi za mikono si duara sawa kwa ndani: zina mapengo kwenye mpira, na mapengo hayo yana mwelekeo. Upande wa pengo ndio laini, wa mpira mzima ndio mgumu, na mtengenezaji wa gari ameamua gurudumu liruhusiwe kurudi nyuma kidogo lakini lisiende pembeni. Ukiingiza bushi mpya imegeuka nyuzi 90, usukani utabadilika tabia na hutajua sababu. Weka alama kwenye mkono mkabala na pengo, piga picha, kisha pima bushi imechomoza kiasi gani kila upande.

Ukiwa na presi, weka mkono juu ya bomba lenye kipenyo cha ndani kinachozidi ganda la bushi kidogo, na juu weka kikombe kinacholingana na ganda. Sukuma polepole. Mlio mkubwa wa kwanza si kuvunjika, ni kutu kuachia. Bila presi, fito yenye hesi hufanya kazi ileile: bomba upande mmoja, kikombe upande wa pili, nati unaikaza. Paka grisi kwenye hesi la sivyo italika kabla ya bushi kutoka.

Ikigoma kabisa, toboa mpira kwa drili matundu mengi mduara mzima hadi mrija wa ndani uanguke, kisha pitisha wembe wa msumeno ndani na ukate ganda la nje kwa urefu wake. Kata hadi karibu ufikie mkono, halafu acha. Lililobaki lipinde kwa patasi. Mkwaruzo mdogo kwenye mkono unaweza kuusafisha, lakini mfereji ni mwanzo wa ufa. Wako wanaochoma mpira kwa moto. Moshi wake ni sumu, moto huharibu rangi na zinki, na kwenye mkono wa alumini hudhoofisha chuma chenyewe. Mimi sichomi.

## Kuingiza mpya

Safisha tundu kwa msasa mpaka ling'ae na ulainishe ukingo wake kwa faili. Laza bushi kwenye friza usiku kucha. Siku ya pili pasha mkono joto kidogo kwa bunduki ya hewa moto, kiasi cha kutoweza kuushika. Hesabu yake ni ndogo lakini ina maana: tundu la chuma la milimita 60 likipanda joto kwa nyuzi 60 hupanuka kwa karibu milimita 0.04. Bushi nayo imesinyaa. Kwenye mbano wa kazi hii, hizo sehemu za mia moja ndizo tofauti kati ya kuingia vizuri na kuingia kombo.

Sukuma kwenye ganda la nje pekee. Ukisukuma mrija wa ndani, unauchana mpira kabla haujafanya kazi hata siku moja. Usilainishe kwa mafuta ya injini wala grisi ya kawaida, kwa sababu mafuta yatokanayo na petroliamu na mpira asilia havikai pamoja: mpira huvimba kisha huoza. Maji ya sabuni yanatosha. Linganisha alama ya mwelekeo, anza, sogeza milimita tano, simama uangalie kama imenyooka, endelea. Ikianza kombo itoe, usitarajie itajinyoosha njiani. Malizia kwenye kina kilekile ulichopima.

## Kurudisha na kukaza

Rudisha mkono kwenye fremu, ingiza boliti mpya, zungusha nati mpaka zishike tu, mkono bado unaweza kucheza. Funga bolijointi na uikaze kabisa kwa toki yake, kwa kuwa haina mpira wa kusokotwa. Kisha acha boliti za bushi.

Chukua mkono wenye urefu wa milimita 350. Gurudumu likining'inia milimita 80 chini ya kimo chake cha kawaida, mkono umeinama takriban nyuzi 13. Ukikaza hapo, mrija umeganda kwenye pembe hiyo. Ukishusha gari, mpira umesokotwa nyuzi 13 ukiwa umesimama tu. Ukipiga shimo, msokoto unaongezeka juu ya huo. Bushi iliyopaswa kufanya kazi sawasawa pande zote mbili sasa inafanya kazi upande mmoja, bila mapumziko. Zaidi ya kuchanika, gari litakaa juu kidogo kuliko lilivyokuwa, na alaimenti utakayofanya itakuwa ya uongo mpaka bushi zilegee.

Basi weka jeki chini ya mkono, karibu na bolijointi, kipande cha ubao kati yake. Inua taratibu ukipima kutoka katikati ya habu hadi madigadi mpaka ufikie namba uliyoandika. Stendi ibaki chini ya chasisi wakati wote. Chasisi ikianza kunyanyuka kutoka kwenye stendi kabla hujafika, gari ni jepesi mno, kwa kuwa ulimwaga maji na kutoa mizigo. Usilazimishe. Kaza boliti kwa mkono hadi zibane, rudisha magurudumu, shusha gari, rudisha mizigo, lisukume mbele na nyuma mita chache ili magurudumu yatulie, halafu lipandishe kwenye ngazi za kupandia magari. Ngazi ziwe nne kama sakafu ni tambarare, ili gari lisiinamie nyuma. Hapo uzito uko mahali pake halisi. Legeza boliti za bushi nusu mzunguko, kisha uzikaze kwa toki ya kitabu cha gari lako. Njia hii ya ngazi ndiyo naipenda, kwani haina kukisia.

Namba za toki usizichukue kwa mtu mwingine, hata mwenye gari linalofanana na lako. Chasisi nyepesi na nzito za jina moja hutumia boliti tofauti.

## Nyuma: springi za mabamba

Jicho la mbele la springi limefungwa moja kwa moja kwenye chasisi na ndilo linaloiweka ekseli mahali pake. Jicho la nyuma limeshikwa na pingu inayoning'inia, ili springi iweze kurefuka inapobanwa. Kwa hiyo kamwe usifungue macho yote mawili ya mbele kwa wakati mmoja. Ekseli itasogea na kuirudisha ni vita. Fanya upande mmoja, boliti moja.

Egemeza chasisi kwenye stendi mbele ya springi, na ekseli uishike kwa jeki ya pili. Shusha jeki hiyo taratibu mpaka uone pingu imelegea, haivutwi wala haisukumwi. Hapo springi imepumzika na boliti itatoka bila kuruka. Angalia paipu ya breki isinyooke hadi kukaza, na kama kuna fimbo inayounganisha ekseli na vali ya breki ya kupimia mzigo, usiipinde wala kubadilisha urefu wake. Fimbo hiyo ndiyo inayoamua nyuma ipate breki kiasi gani.

Bushi za macho hutoka kwa fito yenye hesi bila kutoa springi. Za pingu mara nyingi ni vipande viwili vya mpira, huingia kwa kidole gumba. Kagua chuma cha pingu: kikiwa chembamba kwa kutu, kibadilishe. Boliti mpya zipake grisi ya kuzuia kushikana kwenye sehemu laini inayopita ndani ya mrija, isiguse hesi, maana grisi kwenye hesi hubadilisha maana ya toki. Kukaza ni kulekule: magurudumu chini, mzigo ndani.

Bushi za stabilaiza ni za dakika ishirini. Fungua vishikio viwili, chomoa mpira kupitia mkato wake, safisha chuma, vaa mpya na mkato uelekee upande uleule. Kama unataka kuanza mahali ili ujenge ujasiri, anza hapa. Tofauti kwenye kona utaisikia siku hiyohiyo.

## Safari ya kwanza

Kabla ya kuondoka pitia kila boliti kwa spana ya toki na uweke mstari wa rangi unaovuka nati na chuma, ili siku nyingine ukitazama tu ujue kama imezunguka. Endesha polepole, funga breki mara kadhaa mahali patupu, rudi rivasi, sikiliza. Ukisikia mlio mmoja mara ya kwanza kisha kimya, ni vitu kukaa. Ukirudia, simama.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 kagua tena nati za magurudumu na boliti za bushi. Kisha peleka gari kwenye alaimenti, likiwa na mzigo wake wa safari na tangi la maji katika hali unayosafiri nayo. Mfanyakazi wa alaimenti anaweza kushangaa kukuona umekuja na makabati yamejaa. Mwambie ndivyo gari linavyoishi, na umwombe akupe karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Iweke pamoja na ile yenye namba nne za kimo.